Yakinuka Dawa, Mwaga

Serikali iliiita kazi ile "bwana afya," na kwa kuwa haikuwahi kufikiria kwamba siku moja mwanamke angeifanya, sisi nasi hatukujisumbua kulibadilisha jina. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega ya mchukuzi, mvaaji wa gambuti hata wakati wa kiangazi, na mtaa mzima, kuanzia wazee wa kanisa hadi vijana wa kona, ulimwita Bwana Afya. Mpangaji mmoja mgeni aliwahi kumwita Bibi Afya, akadhani anampa heshima. Bwana Afya alimtazama kuanzia viatu kupanda juu, akamuuliza, "Mimi ni bibi ya nani hapa? Bwana ni cheo." Mambo yakaishia hapo. Hata mumewe, dereva mpole wa lori la mikate, tulikuwa tukimsikia ng'ambo ya ukuta akisema, "Bwana Afya, chai iko tayari," nasi majirani tukicheka chini chini.

Niliishi mlango wa pili kutoka kwake kwa sehemu kubwa ya miaka ya tisini, katika zile nyumba za mstari ambazo watu huziita nyumba za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, upande wa chini wa Jogoo Road. Mimi nilikuwa karani wa korti. Kwa hiyo nilimwona pande zote mbili: jioni akiwa jirani, na mchana akiwa shahidi wa mashtaka, amesimama kizimbani na gambuti zake, akieleza habari za vyoo kwa sauti iliyomfanya hakimu asogeze kikombe chake cha chai kando. Nimefanya kazi na mashahidi maisha yangu yote na wengi wao ni waongo au waoga. Yeye hakuwa mmojawapo, na hilo lilinichosha kwa namna yake, maana mtu asiyeyumba huwezi kumtania akacheka.

Kitu ambacho kila mtu alikumbuka kumhusu ni pua. Haikuwa kubwa, ila aliifanyisha kazi. Akifika mlangoni kwako alikuwa ananusa kabla ya kubisha hodi, na salamu yake ya kwanza ingeweza kuwa, "Nani anaharisha humu ndani?" au, "Maziwa hayo, mama, usimpe mtoto, yamelala." Alifunua sufuria za watu bila kuomba ruhusa. Mchinjaji wa karibu na stendi aliwahi kumwonyesha nyama yenye muhuri wa machinjioni, ikiwa halali kabisa kwa macho. Yeye akainama, akanusa, akaimiminia mafuta ya taa papo hapo ili isiuzwe, na yule mtu mzima akalia mbele ya wateja wake. "Watu wa huku hatuna maabara," alikuwa akisema. "Tuna pua." Alilisema hilo kwa majivuno, na mimi nilimwamini, sote tulimwamini.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Sheria za kanjo zilikataza kufuga ndani ya nyumba, naye aliwapeleka watu kortini kwa sababu ya sungura na bata. Lakini katika bafu lake mwenyewe waliishi kuku, jogoo mmoja na majike yake, na kila alfajiri jogoo yule alituamsha mstari mzima. Nilipomuuliza habari zao alinijibu bila kupepesa jicho, "Hao ni wageni, karani. Wanarudi kwao Krismasi." Krismasi ikaja ikapita. Tena aliwakataza watu wote kula vya barabarani, na mchana mmoja nilimkuta nyuma ya korti, karibu na lori la mahabusu, anatafuna mutura, utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, iliyokatwa juu ya ubao wa kibanda ambacho yeye mwenyewe angekifunga siku yoyote ya kazi. Aliponiona alimeza, akasema, "Huyu nimemkagua," kisha akakata kipande akanipa mimi. Kilikuwa kitamu sana.

Alipenda magonjwa ya zamani kama wengine wanavyopenda mpira. Jioni akitoka kazini aliketi kwenye kizingiti, akavua gambuti, akaweka miguu kwenye beseni, na aliyepita alisimuliwa. Alisimulia jinsi soko la kwanza la mji huu lilivyochomwa moto kwa sababu ya tauni, zamani za reli, na jinsi panya walivyofanya tu safari fupi wakahamia kwingine. Alisimulia kipindupindu cha miaka ya sabini kana kwamba alikuwa anamtaja shemeji mkorofi ambaye lazima atarudi. "Ugonjwa ukipita, watu wanataka kusahau," alisema. "Wanasema tusizungumze tena habari hizo. Kazi yangu mimi ni kuwakatalia." Nilimwambia yeye ni mwalimu wa historia aliyepotea njia akajikuta chooni. Alicheka siku hiyo, jambo la nadra.

Aliamini, na naandika hili nikiwa na uchungu, kwamba watu wakifundishwa vizuri hawafi mara mbili kwa kitu kimoja. Ndiyo ilikuwa dini yake, zaidi ya ile ya Jumapili.

Sasa niseme habari za mapipa, maana bila hayo mtu hawezi kumwelewa.

Mwanzoni mwa miaka ile ya tisini mifereji yetu ilikuwa ikitoa maji siku moja na kukauka siku nyingi, na kila nyumba ilitamani pipa. Basi kule upande wa viwanda ghala la kiwanda kimoja cha dawa za wadudu likashika moto. Tuliuona moshi kutoka mtaani, mweusi kisha wa manjano, na kwa siku kadhaa watu walikohoa. Baada ya moto kuzimwa, mapipa ambayo hayakuungua yakatolewa kwa mlango wa nyuma, na nani alilifungua lango hilo mpaka leo hakuna aliyesema. Jumamosi iliyofuata yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, ya buluu, yana vifuniko vizuri, karatasi zake zimebanduliwa. Tuliyaona kama bahati. Hakuna aliyeuliza yametoka wapi, kwa sababu nusu ya vitu tulivyokuwa navyo nyumbani havikupenda kuulizwa.

Mama Kioko, fundi wa cherehani aliyekaa mwisho wa mstari wetu, alinunua moja. Aliliosha kwa sabuni na mchanga na maji ya moto, akaliosha tena, mwanamke msafi kuliko wote niliowajua. Maji yake yalinuka kidogo. Alimwambia mwanawe, Kioko, aliyekuwa bado mdogo wa shule ya msingi, kwamba hiyo ni harufu ya upya, itaisha, anywe tu.

Waliokunywa walianza kutoka mate na jasho, mikono ikatetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Wengine walipona. Kioko hakupona, wala watoto wa nyumba ya kando yake.

Bwana Afya aliingiza kichwa chote ndani ya pipa lile, akakitoa, akageukia ukuta. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia. Kisha akaazima panga, akapita mlango kwa mlango akiyatoa mapipa yote ya buluu na kuyapasua ili yasiuzwe tena. Maji yakatiririka kwenye kijia chetu, maji ambayo watu walikuwa wameyapangia foleni tangu alfajiri, na wanawake walimtukana kwa lugha tatu. Aliendelea kupasua.

Kesi ilikuja, jalada likapita mezani kwangu. Wakili wa kiwanda, kijana mwenye mikono laini, alieleza kwamba mapipa yaliibwa wakati wa moto, na kwa hiyo kiwanda chenyewe ndicho kilichodhulumiwa. Akamuuliza Bwana Afya kama mapipa hayakuwa na onyo. Akajibu kwamba yalikuwa nalo kwenye karatasi. "Na nani alizibandua karatasi?" Hakujua. "Asante," akasema wakili, akakaa. Nilimchukia yule kijana na bado namchukia, ingawa najua alikuwa anafanya kazi yake. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, halafu ikafa kimya kimya kama zinavyokufa kesi za watu wetu.

Jioni ile alipoona mambo yameishia wapi, Bwana Afya aliniambia tukiwa njiani kurudi, "Hao hawatafundishika. Basi nitafundisha hawa wangu."

Akaanza kuzunguka. Mara ya kwanza fundisho lake lilikuwa refu na la haki: pipa usilojua limetoka wapi usiweke maji, na maji yakiwa na harufu usiyoifahamu usiyanywe mpaka umuulize mtu wa afya. Watu waliitikia wakasahau kabla hajafika mlango wa pili. Mzee Abdi, mwenye duka la jumla pale kwenye kona, ambaye familia yake ilikuja mjini ikikimbia vita na aliyejua kuwaambia watu jambo likashika, alimshauri, "Punguza maneno, Bwana Afya. Mteja akiwa na haraka anasikia la kwanza na la mwisho." Akapunguza. Akapunguza tena, akaikata sentensi ile kama mshonaji anavyokata kitambaa, mpaka yakabaki maneno matatu: Yakinuka dawa, mwaga.

Mimi karani, niliyezoea sheria zilizojaa vifungu, nilimwambia sentensi hiyo haina "isipokuwa."

"Isipokuwa ni ya kortini," alinijibu. "Mtu mwenye kiu hakumbuki isipokuwa."

Nilikubali. Ilionekana kweli, na kweli ilifanya kazi. Mzee Abdi aliiandika kwa rangi nyekundu juu ya mfereji wa dukani kwake. Kanisani ilitangazwa pamoja na matangazo ya ndoa. Mama Kioko, ambaye watu walidhani atamchukia mtu yeyote atakayemkumbusha, ndiye aliyekuwa mwalimu mkali kuliko wote. Alikuwa akishona, mteja akija na mtoto, kabla ya kupima kiuno anamuuliza mtoto, "Yakinuka dawa?" na mtoto lazima ajibu, "Mwaga." Wasichana waliifanya wimbo wa kuruka kamba, "yakinuka" kamba ikiwa chini, "dawa" ikiwa juu, na kwenye "mwaga" aliyekuwa anaruka anatoka mbio na mwingine anaingia.

Jioni moja nilimkuta Bwana Afya amesimama kwenye kona na gambuti zake, ameficha mikono mgongoni, anawasikiliza wasichana wale. Uso wake ulikuwa laini kuliko nilivyowahi kuuona. "Sasa hata nikifa," aliniambia, hakumaliza, akaenda zake nyumbani. Nilimwonea fahari. Kama mambo yangeishia hapo, ningeandika habari nyingine kabisa.

Miaka ikapita, ikaja mvua ya El Nino.

Waliokuwapo hawahitaji kuambiwa. Mvua ilinyesha mpaka watu wakasahau kuilalamikia. Mabomba ya maji taka yalipasuka, ya maji safi yakapasuka kando yake, na yakachanganyika chini ya ardhi tusikoweza kuona. Kipindupindu kikaja, yule shemeji mkorofi, kama alivyosema siku zote. Mtu alikuwa anaamka mzima, na jioni ameisha maji mwilini, macho yameingia ndani, anatoa kitu kama maji ya mchele. Bwana Afya hakuonekana mtaani. Alikuwa amepelekwa kwenye mahema ya wagonjwa upande mwingine wa mji.

Asubuhi moja malori ya matangi yakatuletea maji, na mbele yake gari lenye kipaza sauti. Sauti ilikuwa ya kijana mchangamfu, naamini alikuwa mtu mwema. Ilisema, "Wananchi, msiwe na wasiwasi. Maji haya yametiwa dawa. Narudia, maji haya yametiwa dawa."

Nilikuwa mlangoni kwangu. Nilimwona Mama Kioko akisimamisha cherehani.

Wanawake walipanga foleni wakajaza ndoo, kwa sababu maji ya bure hayakataliwi. Kisha mmoja akainama akanusa. Ilikuwa harufu kali, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, maana kwa ugonjwa ule walikuwa wametia nyingi. Hakukuwa na kelele wala fujo. Waliangaliana, na Mama Kioko akatoka nje, akanusa ndoo ya kwanza, akaiinamisha. Wakafuata wote. Walimwaga kwa utulivu, kwa nidhamu, nadhani hata kwa furaha kidogo, kama watu ambao siku yao ya mtihani imefika na wanalijua jibu. Maji yakatiririka kwenye kijia kile kile. Halafu wakachukua ndoo wakaenda nyuma ya ukuta wa reli, ambako tangu mvua ianze palikuwa pamezuka kijito cha maji baridi, meupe, yasiyo na harufu yoyote.

Bwana Afya alipata habari kwa mumewe, akaja mchana, koti lake jeupe lina madoa. Aliingia mstarini amebeba birika la maji ya lori na gilasi, na katika kila mlango alijimiminia akanywa mbele ya watu.

"Bwana Afya, kwani kanjo wamekubadilisha?" kijana mmoja wa kona alimuuliza, bila dharau, kwa mshangao tu. "Si ni wewe ulisema ikinuka dawa tumwage? Sisi tumemwaga."

"Ile ilikuwa dawa ya wadudu. Hii ni dawa ya maji."

"Dawa ni dawa, mathe."

"Hii inaitwa klorini."

"Hiyo ndiyo mbaya kabisa," akasema mwanamke mmoja, "hata jina lake."

Nilifuatana naye siku ile kwa sababu sikuweza kukaa. Kila mlango aliongeza maneno. Ile dawa ni hivi, hii ni vile, ya pipa inanuka namna hii, ya lori namna hii, kama ni kali sana iache wazi kidogo, kama huamini chemsha. Sentensi aliyoikata miaka ile mpaka ikawa maneno matatu ilikuwa inaota tena mikono na miguu, na kufika katikati ya mstari ilikuwa imekuwa hotuba, na watu walikuwa wanaitikia na kusahau kama zamani. Aliwaambia wanuse vizuri, watofautishe. Wakanusa. Hawakuona tofauti, na mimi niliponusa sikuiona pia. Pua ile ilikuwa yake peke yake, na hatukuwa tumelijua hilo.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Kioko. Alitukaribisha, akafuta viti, akaweka mikono mapajani.

"Mama, onja kidogo tu," alisema Bwana Afya. "Mimi nimekunywa. Niangalie, niko mzima."

"Wewe kunywa. Mimi siwezi."

"Basi ile ya reli uichemshe."

"Na nini? Makaa yote imelowa. Mafuta ya taa haiko hata kwa Mzee Abdi."

"Nitakuletea makaa."

"Na majirani je? Utaletea mstari mzima?"

Bwana Afya alijaza gilasi akamsogezea. Mama Kioko aliitazama, na nikaona pua yake ikitanuka kidogo, na mwili wote ukarudi nyuma kwenye kiti.

"Kioko alikunywa ikinuka hivi," alisema. "Mimi ndiye nilimwambia ni harufu ya upya. Nilimwambia mtoto wangu kunywa tu, itaisha. Wewe ukakuja ukanifunza, na kila siku tangu hiyo siku nimefunza watoto wa watu. Bwana Afya, tafadhali, usiniambie tena ninywe."

Mwenye la kusema hapo na aseme. Yeye aliyarudisha maji ya gilasi kwenye birika. Kisha akamletea makaa, kweli, kutoka mahali alikojua mwenyewe. Lakini makaa ni kitu cha kugawana, na Mama Kioko aliwagawia wenye watoto wachanga.

Aliugua wiki hiyo hiyo. Vijana wa kona walimbeba kwenye mkokoteni hadi kwenye mahema, na Bwana Afya mwenyewe ndiye aliyemtafuta mshipa wa kutia maji ya sindano, akautafuta kwenye mikono yote miwili. Alifariki kabla ya jioni. Walimfuata wengine wa mstari wetu, na ukiwataja mmoja mmoja utaona kwamba ni wale wasikivu, wale waliotangaza kanisani, wale ambao watoto wao walijibu vizuri.

Mama Kioko aliacha binti, Mwende, msichana wa darasa la nane, mtundu, mwenye mdomo, ambaye alikuwa akimwigiza Bwana Afya na gambuti zake mpaka mama yake anamfukuza kwa rula ya cherehani. Mwende hakuugua. Tulipokutana nyumbani kwao kupanga safari ya kumpeleka marehemu kwao Machakos kuzikwa, Bwana Afya alikaa karibu naye. Alimuuliza kwa sauti ya kazi, maana kazi yake ilimlazimu kuuliza.

"Wewe ulikuwa unakunywa maji gani?"

"Ya tangi ya shule."

"Haikunuka dawa?"

"Ilinuka."

"Mama hakukukataza?"

"Alinikataza." Mwende alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye sketi yake. "Sikumskia. Nilikuwa na kiu tu."

Bwana Afya alinyanyuka akatoka nje, nami nikamfuata nikidhani anataka hewa. Alikuwa amesimama kwenye kijia, kwenye tope, anatazama mwisho wa mstari.

"Walionisikia ndio tunazika, karani," alisema. "Walionipuuza wako ndani wanapanga safari."

Nilimwambia si kosa lake. Watu husema hivyo, na ni maneno yasiyofika popote. Kosa lilikuwa la mtu aliyefungua lango la nyuma la kiwanda, na la wakili mwenye mikono laini, na la aliyeacha mabomba yakaoza miaka yote ile. Lakini hao hawakuwa pale kwenye tope.

Baada ya hapo aliendelea na kazi kwa muda, ila hakufundisha tena mtu. Alifika, akakagua, akaandika alichotakiwa kuandika, akaondoka. Jogoo hakusikika tena alfajiri. Aliwachinja wote, nadhani, au aliwapa watu, na sikuwa na moyo wa kumtania kuhusu Krismasi. Maandishi ya Mzee Abdi yalipakwa rangi nyeupe, ingawa jua likipiga nyekundu ile ilionekana bado. Wasichana waliendelea kuruka kamba, kwa sababu wimbo ukishakuwa wa watoto hauna tena mwenyewe. Siku moja aliwakuta wakiuimba, akaichukua kamba, akasimama nayo kitambo kirefu wakimwangalia kwa woga, kisha akawarudishia. Haukupita muda yeye na mumewe wakahamia Njiru, pembezoni mwa mji, kwenye kiploti chao.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini. Kipindupindu kilikuwa kimesikika tena, mitaa ya chini yetu, na malori ya matangi yalikuwa yameanza kuja. Mzee Abdi na akina mama wa kanisa walinituma. Walisema watu hawatamsikiliza mtu wa kipaza sauti. Aliyewafunga ndiye anaweza kuwafungua. Akija yeye mwenyewe, asimame pale dukani, aseme kwa mdomo wake kwamba ile sentensi imeisha, watakunywa. Nami niliamini hivyo.

Nilimpata nje ya nyumba ya mabati, anapalilia sukuma wiki, miguu mitupu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila gambuti isipokuwa miguu ikiwa kwenye beseni. Jirani aliyenielekeza alimwita Mama tu. Hakuna aliyejua huko kwamba aliwahi kuwa bwana wa chochote.

Tuliingia ndani. Aliniuliza habari za Mwende, nikamwambia yuko kwa shangazi yake, mtaa wa Fedha, anasoma. Akaitikia kwa kichwa. Nikamweleza nilichotumwa, na nilieleza vizuri, nimewasikia mawakili wa kutosha. Nilimwambia kwamba watu bado wanamwamini. Nilimwambia kwamba kuna akina Mama Kioko wengine wako kwenye foleni wakati huu huu na ndoo zao.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachota maji kwenye mtungi, akajaza gilasi, akaiweka mbele yangu juu ya stuli.

"Umetoka mbali. Kunywa maji kwanza."

Niliinua gilasi. Ilipofika karibu na uso harufu ikanijia, ile ile. Nilishusha gilasi nikajifanya bado nina la kusema.

"Nimeyatia dawa mwenyewe asubuhi," alisema. "Ya kisima hayaaminiki."

"Najua."

"Unajua ni dawa gani."

"Najua, Bwana Afya."

"Basi kunywa."

Nilijaribu. Naapa nilijaribu, mimi niliyezunguka naye milango yote na kumwona akinywa, niliyewazika wale wasiokunywa, niliyekuja hapo kumwomba akawafungue wengine. Niliweka mdomo kwenye ukingo wa gilasi, na mkono wangu ukaishusha wenyewe.

Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama alivyokuwa akimtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Hata wewe, karani," alisema. "Sasa unataka niende nikawaambie nini?"

Akaichukua gilasi kutoka mkononi mwangu, akaenda nayo mpaka mlangoni, kwenye sukuma wiki zake, akayamwaga.